Mstari wa Miezi Mitatu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni kazini, nikisema neno nitalia wanisikie.

Leo ndiyo nimerudi, si unajua. Kumbe mikataba inaongezwa, kila mtu apeleke CV mpya. Nikaijaza ile miezi mitatu: "Likizo ya uzazi." Basi. Ningeandika nini kingine?

Dada wa utumishi ni mgeni, hajui lolote. Akasoma, akaguna. "Mdogo wangu, futa hapa. Wakubwa wakiona una kichanga watasema utakuwa mtu wa ruhusa kila siku."

Ati nina kichanga. Mimi!

Nikashindwa hata kusema, dada, mwanangu aliishi siku mbili tu. Na yeye maskini ananisaidia, tena kwa moyo mweupe. Akaniuliza, "Kwani umemwacha na nani?"

Nikamwambia na bibi yake.

Si uongo. Wewe si ulikuwepo tulipomlaza kando ya kaburi la mama?

Halafu nikafuta. Kwa mkono wangu mwenyewe, mwenzangu, yeye amesimama nyuma ya kiti ananiambia "hapo sawa, hapo sawa", nikafuta.

Cheti cha kuzaliwa hatukuwahi kumchukulia. Picha hatukupiga, tulisema tutapiga tukifika nyumbani. Ule mstari ndio ulikuwa mahali pekee palipoandikwa kwamba alikuja.

Na aliyeufuta ni mama yake mzazi.