Mwenye Macho Mazima

Jumatatu, 4 Machi 1996

Majalada thelathini leo. Macho yanawaka kama nimeyafikicha kwa mkono wa pilipili. Tangu kiwanda kipate wenyewe wapya, taipureta yangu imetupwa stoo, nami nimekalishwa mbele ya kompyuta kuingiza majina ya wafanyakazi wote, waliopo na waliokwishakufa. Herufi za kijani kwenye weusi. Ikifika saa nane mchana kila herufi ina pacha wake.

Nikirudi na baiskeli nilikoswakoswa na mkokoteni pale Ngamiani. Sikuuona. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Machi

Umeme ulikatika saa nne. Alhamdulillahi! Zamani nilikuwa nikiwalaani watu wa umeme, siku hizi nawaombea dua. Nikafumba macho. Hata sijayapumzisha, jenereta likanguruma. Wamenunua jenereta. Mafuta wanayo, huruma hawana.

Majirani hapa Makorora wanasema mume wangu ananipiga, ndiyo maana kila jioni macho mekundu. Athumani huyu, asiyeweza hata kuchinja kuku! Waache waseme. Afadhali wajue napigwa kuliko wajue sioni.

Ijumaa, 8 Machi

Tangazo ubaoni. Jumanne daktari wa macho kutoka Dar atatupima wote tunaotumia kompyuta.

Nawajua hawa. Kiwandani kwa Athumani walianza hivi hivi: wakawapima vifua, eti wanajali afya zao. Mwezi uliofuata, barua za kupunguzwa. Mwaka wa pili huu yuko barazani anacheza bao, anasema atarudishwa. Nyumba nzima inaning'inia kwenye macho yangu haya mawili mabovu.

Mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Moa, kanitilia maji ya waridi, kasema ni kijicho cha watu. Kijicho cha nini, mama? Nina nini mimi cha kuonewa?

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kafika mapema, kaning'iniza karatasi yake ya herufi chumba cha mikutano. Nikajitia nakusanya vikombe vya chai. Nikaisogelea mpaka pua ikaigusa, nikanakili mistari yote.

Jioni nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi huku nahifadhi. Kama tulivyohifadhi Juzuu Amma chuoni, kwa kuyumbayumba. Bakora ya maalimu tu ndiyo iliyokosekana.

Kabla ya kutoka kazini, nakala yangu nilimpa na Mhina aichungulie. Mhina ndiye mwenzangu wa kompyuta ya pili, Mbondei wa Muheza, kutwa kulalamikia macho. Akanirudishia. "Dada, mimi nikiulizwa nitasema ninavyoona." Nikamwambia basi kaupike huo ukweli uwape wanao wanne. Nilikuwa na hasira. Sikupaswa kuwataja watoto.

Jumanne, 12 Machi

Nimepita. Jicho la kulia, jicho la kushoto, mpaka mstari wa chini kabisa, ambao wallahi kwangu ulikuwa ukungu mtupu. Daktari kasema macho kama yangu hakutani nayo kila siku.

Mhina kakwama mstari wa tatu. Nilimwona akitoka, nikainamisha uso. Moyoni, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba ni yeye na si mimi.

Alhamisi, 21 Machi

Barua zimetoka.

Mhina kapewa miwani. Miwani! Ya bure, ndani ya kikasha cheusi. Na kila saa apumzike dakika kumi, amri ya daktari. Na nusu ya majalada yake yaletwe kwangu, kwa kuwa mimi nina macho mazima. Meneja kanisimamisha mbele ya ofisi nzima, kaniita kipanga. Watu wakapiga makofi, nami nikasimama pale nacheka kama zuzu.

Hakuna aliyepunguzwa. Hata mmoja!

Nina hasira nao, nina hasira na mimi mwenyewe, nina hasira na lile tangazo lililoshindwa kuongeza maneno mawili tu: miwani bure. Nani alituzoesha kwamba mtu akipimwa ndiyo kwaheri ya kazi? Na sasa nimwendee nani? Nikisema sioni, nitakuwa nimekiri kwamba nilidanganya. Mwongo hapewi miwani, hupewa barua.

Nimemweleza Athumani. Kacheka hadi kakohoa. Kisha ati ananiambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemrushia kata ya maji. Haikumpata, nililenga pacha wake.

Jumatatu, 25 Machi

Majalada arobaini na tano. Kichwa kinagonga tangu adhuhuri. Nimeandika jina la marehemu mmoja mara tatu. Mhina kaliona alipopita nyuma yangu, kalifuta mwenyewe, kaenda zake.

Jumatano, 27 Machi

Saa nne Mhina kainuka kwenda kupumzika dakika zake kumi. Hakunitazama. Kavua miwani, kaiweka juu ya majalada yangu, kaenda kunywa chai.

Nikaivaa. Jina la kwanza nililoliona lilikuwa la mtu mmoja tu. Niliandika upesi upesi, jicho moja mlangoni. Aliporudi nikamrudishia.

Saa tano kaniachia tena.