Wakwe Watatu Kando ya Mstari

Mpendwa Baba,

Nakuandikia ofisini, saa ya chakula, naibu wa chifu akiwa ametoka. Mbele yangu kuna fomu ya kijiji chetu, ya kumthibitisha mzee mpya wa kijiji, atakayekalia kiti ulichokiacha ulipofariki. Nimechoka, Baba. Tangu Ijumaa naamka nikiwa nimechoka.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka penye ajono, nikae nyuma yako wewe na wenzako mkivuta pombe kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja? Ulininong'oneza, "Ukitaka kumjua kiongozi, angalia anavyomwachia mwenzake mrija." Nikaamini. Ndipo ukampendekeza Omuse, rafiki yako, mwepesi wa kuachia mrija kuliko wote, asimamie kisima cha kijiji. Haukupita msimu mmoja, ufunguo wa pampu ukawa wa wale anaowapenda. Siku mama aliporudi na ndoo tupu ulisema, "Nilimpima tukiwa tumeshiba." Sijawahi kukuona mdogo kama siku ile, wala kukupenda zaidi.

Ijumaa, Omuse huyo huyo aligombea kiti chako. Aliyeshindana naye ni Mama Akisa, muuza dagaa wa omena pale malori yanapopanga foleni mpakani Malaba, yule aliyesimamia mazishi yako mpaka sufuria ya mwisho ikarudi kwa mwenyewe. Watu walijipanga nyuma ya mgombea wanayemtaka, kama kawaida, nami karani nikawahesabu nikimgusa kila mtu begani. Wanaume watatu wakabaki kando, kwenye ua. Wameoa mabinti wa Mama Akisa, na unajua kwetu mtu hamsogelei mama mkwe.

"Nyinyi, mnaogopa kumkanyaga mama kisigino?" kijana wa bodaboda akawatania. Uwanja mzima ukacheka.

Mkubwa wao hakucheka. "Karani, niandike tu. Miguu iko hapa, lakini mimi ni wa mama."

"Karani anahesabu walio kwenye mstari," naibu wa chifu akasema. "Endelea, boss."

Nikaendelea. Omuse akashinda kwa watu wawili.

Sasa natakiwa kuandika kwamba hakukuwa na tatizo lolote, nitie sahihi, nipeleke fomu kwa chifu kesho asubuhi. Kibarua changu hapa kinaisha mwisho wa mwezi, na anayependekeza niongezwe ni huyo huyo naibu. Mama hajui. Anafikiri nimeajiriwa kabisa, na kanisani ananiita "afisa wangu".

Ingekuwa rahisi kama ningekuwa na hakika na Mama Akisa. Sina. Kwenye mazishi yako aliwafokea shemeji zetu waliotoka Tororo, mbele ya jeneza, kwa sababu walichelewa, mpaka shangazi akalia. Mtu anayepanga vizuri hivyo, na mdomo mkali hivyo, atamsikiliza nani? Na Omuse je, labda aibu ya kisima ilimfundisha. Wewe uliishi naye miaka yote ukakosea. Mimi nina cheti cha chuo na kalamu ya ofisi, nimjue mtu kwa kumgusa bega?

Nimeanza sentensi hii mara nne kwenye karatasi ya pembeni. Mwishowe nimeiandika kwenye fomu yenyewe, kwa wino: "Wapiga kura watatu walisimama kando kwa heshima ya ukwe, mmoja akataja anayemtaka. Hawakuhesabiwa. Naomba waulizwe." Herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la pili.

Sijui kama nimekisaidia kijiji kupata kiongozi anayefaa. Nilichoshindwa ni kuandika kwamba sikuwaona.

Nasikia pikipiki ya naibu ikiingia. Lala salama, Baba. Usiniombee nisifukuzwe, niombee nisiichane hii fomu kabla ya kesho.

Mwanao wa mwisho,
karani