Nimeyapasua Mayungiyungi ya Baba

Ujiji, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Zaituni ameingia ndani pua yote manjano. Kanusa ua, kapiga chafya mara tatu, karudi kunusa tena. Nimecheka hadi nikasahau salamu. Shikamoo Mama. Mgongo unaendeleaje huko Kagunga, na Bibi anakula vizuri? Sisi sote wazima, alhamdulillahi.

Ndiyo Mama, umesoma sawa: ua. Mayungiyungi ya Baba yamechanua! Leo nimehesabu maua kumi na saba. Kila ua hudumu siku yake moja tu, kesho linanywea, jingine linafunguka. Harufu inafika barabarani. Mzee Musa akitoka msikitini aliniuliza kama siku hizi naiogesha nyumba kwa marashi. Juzi walikuja watu wa bibi harusi kuniomba, nikawachumia mwenyewe, kifua mbele.

Uliondoka ukisema shina la marehemu lisiguswe na jembe. Nilitii miaka miwili, likatoa majani matupu. Nesi Domitila, mpangaji wa jirani, akaniambia mizizi imesongamana kama watu kumi kitanda kimoja. Basi nikaling'oa lote, nikalipasua kwa panga vipande vinane, kila kimoja na mizizi yake, nikavipanda mbalimbali na samadi iliyooza. Majani yakakauka. Ulipopiga simu kuuliza, nikasema yapo salama. Nilikudanganya Mama, na huku nalia. Mvua zilipokolea ndipo yakachipua.

Lakini si hilo ninaloogopa kukuambia. Uani hapa utakuta mashina saba. La nane nilimpa Bi Zuhra. Najua tangu Baba amwoe hujavuka kizingiti chake, na hata msibani mlikaa vyumba mbalimbali. Siku ile napasua alisimama nje ya uzio akitazama. Hakuomba. Aliuliza tu kama kile kipande kibovu nakitupa. Nikaona aibu, Mama, nikampa kilichonona kuliko vyote. Baba alikuwa wake pia. Kama nimekukosea nisamehe, ila kumnyang'anya sitaweza.

Ndiye huyo anabisha hodi. Nimemwambia dirishani kwamba nakuandikia wewe. Amesema nikusalimie sana, na niandike kwamba siku shina lake lilipochanua alikaa mbele yake kutwa nzima, akatamani na wewe ungekuwepo mkae wote. Ananiita nje, Mama, ngoja nikamfuate.