Nani Hajisikii Vizuri?

Gitothua, Ruiru
3 Machi 2025

Kaka Mutiso,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili; moyo sijui niusemeje. Natumaini baridi ya kambini haijakuingia kifuani kama mwaka jana.

Wiki jana nilikuwa kambini kwenu. Kamati ya Bunge ninayoifanyia utafiti ilitaka kujua kama wanajeshi wanatibiwa inavyopaswa, na kama wanaopelekwa mpakani wana afya ya kwenda. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nina ndugu humo. Akacheka, akasema nusu ya Kenya ina ndugu kambini.

Tulionyeshwa zahanati inayonuka rangi mbichi. Muuguzi mmoja, Wilkister, alinipokea vizuri sana, lakini nilipomuuliza choo kiko wapi, hakujua. Kila askari tuliyemhoji alisema yuko fiti. Nilikutafuta kwa macho, mwishowe nikauliza. Wakasema uko likizo.

Jumapili nilienda Theta kumwona Mama. Akaniambia ulikuwa hapo siku hizo hizo, ukilima kabla ya mvua, na kwamba alikuita kutoka jikoni usigeuke mpaka alipokuja kukugusa bega. Alidhani umemkasirikia.

Kaka, nani alikupa likizo hiyo? Na masikio yako yana nini?

Dada yako,
Nzisa

Kambini
17 Machi 2025

Sasa Nzisa, msomi wetu,

Mimi niko poa, na chakula kinapita. Usishangae nimechelewa. Simu zetu zimekusanywa mpaka mazoezi ya kwenda mpakani yaishe, na barua hukaa kwa sajini mpaka azikumbuke.

Ni sikio la kushoto. Mwaka jana mzinga ulilia karibu nami mazoezini, na tangu siku hiyo upande huo ni ukuta.

Likizo sikuomba. Mlipotuma taarifa kwamba mnakuja, sajini alipita akichagua wanaokohoa, wanaochechemea na viziwi kama mimi. Akatuambia, “Nendeni mkawasalimie mama zenu.” Nani hukataa likizo? Huyo Wilkister wako aliazimwa mjini. Hatujamwona tena.

Unataka kujua tunavyopimwa? Tunapangwa kwenye gwaride. Daktari anasimama mbele, kamanda kando yake, na daktari anauliza, “Nani hajisikii vizuri?” Hakuna anayepumua. Basi sote tunaandikwa wazima, tunaenda kunywa chai. Hapa kuinua mkono ni kumwambia mwenzako akubebee bunduki.

Usiwe na wasiwasi. Kitonga, yule rafiki yangu wa Juja, husimama kushoto kwangu na kunigusa kiwiko amri ikitolewa. Nimekaa miaka mingi bila cheo, na nikirudi kutoka mpakani nitakuwa koplo. Nikiandikwa kiziwi, nitarudishwa nyumbani. Msalimie Mama, umwambie sikumkasirikia.

Kaka yako,
Mutiso

Gitothua
24 Machi 2025

Kaka,

Salamu. Huku mvua imeanza, na Mama anakushukuru kwa kulima. Mimi silali vizuri.

Niliomba turudi kambini bila taarifa. Mwenyekiti akasema haiwezekani, kambi lazima ijulishwe kwa sababu za usalama. Niliomba kila askari apimwe peke yake, mlango umefungwa. Akasema hiyo ni kazi ya madaktari, sisi tunasimamia tu. Nikamuuliza tunasimamia nini. Akanishauri nipumzike.

Ripoti naandika mimi, lakini sentensi moja nimeletewa ikiwa tayari: “Wanajeshi wote tuliowaona wako tayari.” Ni ya kweli, na ndiyo maana inanichoma. Wote tuliowaona. Tusiowaona walikuwa wanalima Theta.

Niruhusu niwaeleze wabunge ulichoniandikia, bila kukutaja. Siwezi kujua jambo hili na kukaa nalo. Kitonga naye akianguka, nani atakugusa kiwiko?

Dada yako,
Nzisa

Kambini
2 Aprili 2025

Nzisa,

Mimi mzima. Jibu langu ni hapana.

Bila kunitaja ni kunitaja. Waliopelekwa likizo tunajulikana wote. Wewe mambo yakiharibika unarudi kwenye meza yako; mimi narudi shambani kwa Mama, mtu mzima, nikisubiri kuitwa chakula. Tunaondoka baada ya Pasaka. Niombee, kisha uniache.

Kaka yako,
Mutiso

Gitothua
25 Aprili 2025

Kaka,

U hali gani? Pasaka imepita na sijui kama umeondoka.

Sikusema. Nimetii neno lako na ninajichukia kwa hilo. Nilichoweza ni kukataa kuandika ile sentensi. Mwenyekiti alimpa mwenzangu Macharia, akaiandika kabla ya chakula cha mchana, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini napenda kujitesa.

Mama ananiuliza habari zako kanisani, mbele ya watu. Namwambia uko salama. Tafadhali niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Dada yako,
Nzisa

Theta
12 Mei 2025

Mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Mimi ni mzima, na Mama pia. Simu ninayo sasa, lakini kwenye barua huwezi kunikatiza.

Sikuenda. Siku ya mwisho ya mazoezi ya risasi Kitonga alitumwa maji. Amri ya kusimama ikatolewa, nami nikaendelea kutembea kuelekea palipolengwa. Kijana anayeitwa Kinuthia alikimbia akaniangusha, akavunjika mfupa wa bega. Pale chini aliniuliza kama nimeumia. Mimi.

Kwenye gwaride lililofuata daktari aliuliza swali lake, nikainua mkono. Kamanda akaniambia nirudie kwa sauti, wote wasikie. Nyuma yangu mtu akacheka. Nilidhani wengine watainua. Wanaokohoa na wanaochechemea walitazama mbele, na wiki hiyo wakapanda ndege, Kitonga akiwa nao.

Nangoja barua ya kuachishwa kazi. Furahi sasa.

Kaka yako,
Mutiso

Gitothua
19 Mei 2025

Kaka Mutiso,

Pole. Sijafurahi, na unajua.

Leo ripoti imerudi ikiwa na aya mpya kutoka kambini. Inasema upimaji unafanya kazi vizuri, kwa kuwa askari mmoja aligunduliwa ana kasoro ya kusikia na akaondolewa kabla ya safari. Askari huyo ni wewe. Wewe ndiwe ushahidi wao kwamba wengine wote ni wazima. Nilisoma nikimfikiria Kitonga, kisha nikaenda kumpigia mwenyekiti kelele mpaka makarani wakatoka nje. Alipochoka alisema kwamba kama nina mtu wa kupinga aya hiyo, aje mwenyewe aketi mbele ya kamati, Jumanne ijayo.

Sikuombi tena ruhusa ya kukusemea. Naomba uje. Ukikataa, sitakuuliza tena.

Dada yako,
Nzisa

Theta
22 Mei 2025

Nzisa,

Hatujambo huku. Mama ameshanipigia shati pasi, kwa hiyo naona hata hapa nyumbani siulizwi.

Nitakuja. Majina ya wenzangu sitayataja. Nitasema langu, na nitasema jinsi tunavyoulizwa na nani anakuwa amesimama pale.

Ukae kulia kwangu. Wakiniuliza jambo nisilisikie, usinijibie. Waache warudie.

Kaka yako,
Mutiso