Bomba Begani mwa Kamili

Didia, Shinyanga
Jumamosi, Juni

Kwa kaka yangu Ngassa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kikosini, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa likizo kimepona. Sisi huku mhola tu, salama. Mama hajambo, ila goti bado linamuuma asubuhi. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, na mama amesema ni wako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama unaijua, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa, na uani kwetu hapakosi watu. Hata pongezi ulizonipa wiki iliyopita zilisikika kwa majirani wote. Ulisema mdogo wako ana macho ya askari, wakapiga makofi. Mimi niliinama nikajifanya nachambua mboga. Wakasema ni haya zangu za siku zote.

Kaka, mama alikueleza nusu tu.

Mwaka huu mtama ulikubali sana. Kwelea kwelea walipoanza kuonekana, bwana shamba Fredy alitutangazia kuwa ndege ya kunyunyizia dawa itakuja, na kwamba kwanza itapita chini chini kukagua wanakolala. Siku ndege hiyo ilipopita nilikuwa shambani nagonga debe kuwafukuza kwelea. Ng'ambo ya mpaka wa shamba letu nikamwona Kamili, mume wa Violeth, yule Msumbwa aliyetoka machimboni Geita akaja kuoa hapa. Alikuwa amesimama miguu imeachana, bomba refu begani, analielekeza juu na kuligeuza taratibu. Ukatoka mlio mkubwa.

Unakumbuka jioni ile tumekaa shikome, tukiota moto wa samadi, ulivyonieleza kazi yako ukiwa na gogo la kuni begani? Ulisema kuna kombora linalobebwa na mtu mmoja, na kichwa chake hutafuta joto la injini. Ulisema ndege iliyo juu sana hulikwepa, lakini inayoruka chini na polepole iko mashakani. Basi nilipomwona Kamili nikadhani ni kombora lilelile. Nikakimbia kwa mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, nikayamwaga yote kwa pumzi moja.

Ungeniona, kaka. Mimi ambaye shuleni nikisimama kujibu swali walikuwa wanauliza nani anaongea, nilisimama mbele ya wazee wa sungusungu, wananiuliza nawajibu. Mmoja alicheka, akasema Kamili hata viatu hana, kombora atalitoa wapi. Mwenzake akamjibu kwamba watu wa machimboni hulala na baruti chini ya kitanda, kwa hiyo kombora haliwezi kuwashinda. Jioni hiyo Kamili akachukuliwa kwenda mjini kuhojiwa, na hadi leo hajarudi. Alisema ni bomba la maji alilolitengeneza ili mlio wake uwatishe kwelea, na kwamba ameliacha palepale shambani. Watu walipokwenda kesho yake mchana, halikuwepo. Ndege ikapelekwa wilaya nyingine mpaka uchunguzi uishe.

Kwelea hawakusubiri uchunguzi. Walishuka mashambani siku baada ya siku, hata sasa yamebaki mabua matupu. Letu pia. Lawama zote zimemwangukia Violeth. Kisimani wanawake wanaiondoa ndoo yake kwenye foleni. Mimi napishwa nichote kwanza, na watoto wananipigia saluti na kuniita Kamanda.

Juzi Violeth alikuja nyumbani, mtoto mgongoni. Alisema, "Febronia, wewe umesoma. Niandikie barua ya kumwombea mume wangu aachiwe. Sina mwingine wa kumwendea."

Hakunitukana, kaka. Nilimwandikia ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mumewe ni mkulima na lile lilikuwa bomba la maji. Akanishukuru, akaniachia mayai mawili.

Sijaweza kuyala. Bomba ninalo mimi.

Asubuhi ile, kabla ya watu kwenda kulitafuta, nilipita shambani kwa Kamili nikalikuta limelala kwenye mtama. Ni la plastiki ya kijivu, lina jina la kiwanda, nyuma limezibwa kwa kifuniko na kufungwa kiberiti cha gesi kwa mpira wa baiskeli. Hata mtoto angejua si kombora. Tena ulinifundisha kuwa likirushwa huacha mkia wa moshi angani. Mimi siku ile sikuona mkia wowote, niliona kwelea tu wakiinuka. Ningelipeleka kwa mwenyekiti, Kamili angerudi siku hiyohiyo na ndege ingekuja. Lakini Mzee Maganga alikuwa ameshanisifu mbele ya watu. Nikalifunga kwenye kanga, nikalifukia nyuma ya zizi. Sina chuki na Kamili. Nilitaka kubaki yule msichana anayesikilizwa.

Uliniambia yale ya kombora ni maneno ya nyumbani. Nimeyatoa nje, nikamfungia nayo mtu. Wakikuuliza huko kikosini, sema kosa ni langu. Usinikinge.

Kesho watu wakitoka kanisani nitalifukua. Nitalibeba begani kama alivyolibeba yeye, nipite nalo kisimani hadi kwa Mzee Maganga, kila mtu aone nilichokiona. Kisha nitaomba twende mjini. Mtama hautarudi, hilo najua. Leo nimemwambia mama. Akaenda kuchukua jembe, akaliegemeza mlangoni.

Wasalimie wenzako wote, hasa Wiliam aliyekuja nawe wakati wa likizo. Mama anakusalimu na anasema uendelee kuvaa sweta. Ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunigombeza. Pongezi zile nakurudishia.

Ni mimi mdogo wako,
Febronia