Nyasi za Rweya Juu ya Nyasi Mpya

Kamachumu, Jumanne

Na kosa ni langu mwenyewe. Leo nimepima mraba wa mita moja kwenye uwanja wa nyumbani nilioupanda fescue, nyasi za bustani, wiki tano zilizopita, nikahesabu: miche ya nyasi tisa, magugu arobaini na moja.

Nilifunika mbegu kwa nyasi kavu za rweya, kule malishoni, kama tunavyotandaza kibanjani chini ya migomba. Migomba haijali. Hapa nyasi zile zilikuja na mbegu zake, nami nikazimwagilia asubuhi na jioni.

Kung'oa haiwezekani, gugu linatoka na mche. Dawa itaunguza vyote, nyasi bado changa mno, hazijakatwa hata mara moja.

Mke wangu akasimama nyuma yangu. "Baba Koku, si ulete ng'ombe tu? Rweya imetufuata nyumbani." Akacheka peke yake.

Binti yetu anaagwa hapa kwenda kuolewa baada ya wiki tatu. Mimi ndiye niliyekataa ukumbi wa parokia mbele ya wakwe. Mimi, ninayepandia watu bustani mpaka Bukoba!

Jioni nimemwagilia tena. Zile tisa nazo zina kiu.