Risiti Ulizokata kwa Jina Langu

S.L.P. 47,
Olenguruone.
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Kigen,

Natumaini hujambo, wewe na Sue na watoto, na kwamba baridi ya huko Kanada imeanza kulegea. Sisi tu wazima. Presha ya Mama imeshuka, ila goti la kushoto bado linamsumbua akipanda mlima wa kanisani. Mvua imeanza na viazi tumeshapanda.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki tangu Januari. Cate wa jirani anasafiri kuja huko kesho, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Ni barua ya hasira, sitaki kukudanganya.

Unakumbuka tulivyosajili duka kwa kodi ya VAT. Wewe ndiwe uliyenishawishi, ukasema bila hivyo shule ya upili haitanunua saruji kwangu. Ulisema kweli, ikanunua. Kwa kuwa kompyuta inanishinda, nikakupa nambari ya siri, ukawa unanijazia fomu kila mwezi kabla ya tarehe ishirini. Nilikuwa nikijisifu sokoni kwamba nina ndugu msomi.

Kisha ukaja na rafiki yako kontrakta. Alitaka risiti ya bati ambazo hakununua kwangu, apate kupunguza VAT yake. Nilikubali, na hapo kosa ni langu. Hapa kwetu watu huazimana risiti kama wanavyoazimana wilbaro, na hakuna anayeuliza. Lakini nilikubali moja, Kigen. Moja!

Wewe ukakata kumi na moja. Bati, nondo na rangi za milioni tatu, eti zimetoka kwenye kaduka kangu kasikoweza kubeba mzigo wa lori moja. Kontrakta akazipeleka kwa watu wa kodi adai haki yake, nao walipoangalia fomu zangu hawakuona hata moja, maana hukuziingiza. Mwezi jana barua ikaja. Nadaiwa laki nne na elfu themanini, mbali na faini na riba.

Cheti cha kodi nimenyimwa. Shule imehamia kwa duka la hadiwea la Molo. Shemeji yako Joash anasema tuuze ng'ombe wote wawili, na hata tukiuza haitatosha, duka litafungwa. Miaka kumi na minne nimesimama nyuma ya ile kaunta. Sasa najua nauli yako ya ndege ilitoka wapi, na mimi mjinga ndiye niliyechinja kondoo wa kukuaga.

Nilienda Nakuru kujieleza. Afisa aliyenihudumia alikuwa mpole, akanipa karatasi akaniambia, "Mama, hizi invoice ziko na PIN yako ya kodi. Kama si wewe ulizitoa, andika ni nani. Uko na mpaka twenty-first."

Nimekaa na karatasi hiyo wiki mbili bila kuandika neno. Nimekubeba mgongoni ukiwa mtoto, mkono ulikataa. Tena niliogopa Mama, maana tangu zamani wewe ndiwe kipenzi chake, na kila ulipokosea alitafuta wa kumlaumu. Jana nikamsomea yote. Akasukuma kikombe cha chai kando, akasema, "Andika jina yake yote, na ya baba yake pia, wasije wakashika mtoto wa wenyewe."

Basi nimeandika. Nimeandika na ile moja niliyokubali mwenyewe. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja nitaipeleka Nakuru, na ukitaka kusema lolote kwa kinywa chako, liseme kabla ya siku hiyo.

Joash anakusalimu. Msalimie sana Sue, yeye hana kosa lolote, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Mungu awatunze huko mliko, na akupe usingizi ambao mimi sina.

Nilimuuliza Mama kama ana salamu kwako. Amesema hana.

Ni mimi dadako, ninayekupenda hata leo,

Jerop